Batri Juani

Marafiki, leo nilidhani nimeua telekomande ya televisheni tuliyozawadiwa harusini, na mama mkwe yupo!

Ametoka Walungu, mara yake ya kwanza kwetu. Nilitaka kila kitu king'ae.

Nikatoa batri, nikaziweka dirishani. Nikafuta telekomande kwa kitambaa chenye tone la alkoli, na kati ya vitufe nikapitisha kijiti chenye pamba.
Maji hata kidogo, jamani!

Mume wangu Bahati (ah, tabasamu lile!) akarudi kutoka kazini, akabonyeza.
Kimya.
Akabonyeza tena.
"Citoyenne," ndivyo anavyoniita akinitania, "umeiua?"
Machozi yakanijia.

Akafungua nyuma: tupu! Nilisahau kurudisha batri. Na dirishani hazipo.

Mama mkwe akafungua fundo la kitenge chake, akazitoa zikiwa bado na joto.
"Niliona dirisha iko na kivuli, nikazipeleka kwa jua. Bahati, muke wako iko na akili! Batri zikichoka hatupi, anaanika!"

Picha ikatokea. Bahati akanifinya mkono. Anajua sijawahi kuanika batri maishani mwangu.

Wapenzi, nimwambie mama ukweli, au nianze kuanika?