Vioo Tisa vya Bibi Wembe

Saa mbili asubuhi, Bibi Wembe ananyoosha vidole vyake mbele ya mashine.

"Duniani hapa hakuna mkono unaokata chembamba kuliko huu," anasema. "Ila usiniite kwenye kitunguu. Nyumbani nakata mabonge, mume wangu hudhani ni viazi."

Ni fundi wa maabara ya hospitali, huu mwaka wa thelathini na moja. Vinyama vya mapafu, vidogo kama punje ya mchele, humfikia vikiwa ndani ya nta. Anazungusha gurudumu, na wembe unatoa utando ambao ukirundika kumi na tano ndipo upate unene wa unywele mmoja. Pumzi anaibana. Ikimponyoka, utando hupeperuka.

Anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, unajikunjua wenyewe, anauopoa kwa kipande cha kioo. Ukishatiwa rangi, kilichokuwa kama kivuli kinawaka zambarau na waridi.

"Mimi darasa la saba tu," anasema. "Lakini nimechungulia pale Mungu alipoiweka pumzi. Uongo mbaya, hadi leo mwili hunisisimka."

Daktari wa chumba cha pili ndiye husoma vioo na kutoa daraja. Saratani ya daraja la kwanza, chembe zake bado hujenga vijumba vya hewa kama zilivyofunzwa na pafu. Za daraja la tatu zimesahau kwao. Zinasongamana ovyo, na mara nyingi mgonjwa hana siku nyingi.

Leo kinyama namba 214 ni cha mume wake. Kumkatia ndugu ni marufuku, naye kanyamaza kama maji mtungini.

"Ningemwachia nani?" ananong'ona. "Mwenzangu hukata kama anachanja kuni."

Adhuhuri daktari anamwita.

"Mama, wengine wote umewakatia vioo viwili viwili. Huyu tisa. Unamjua?"

"Namba tu hiyo, mwanangu. Nitamjulia wapi?"

Daktari anarudisha jicho kwenye darubini. Anapitia kioo kimoja kimoja, hadi cha tisa.

"Daraja la kwanza. Vijumba vimesimama vyote. Kama ugonjwa haujasambaa, akipasuliwa mapema ana matumaini makubwa."

Bibi Wembe anaishika meza kwa mikono miwili.

"Basi lile banda la kuku atalimalizia mwenyewe nikistaafu."

"Nani, mama?" daktari anauliza. "Namba?"