Cheti cha Nchi Asiyoijua

Mama Pacha hajawahi kupanda ndege. Nalisema hili mapema, maana huko mbele mtasikia mambo mkadhani msimulizi kachanganyikiwa. Tangu azaliwe hajavuka mpaka wa nchi yake hata kwa bahati mbaya. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kumzika bibi yake, na kesho yake akageuza, kwa sababu sare za shule zilikuwa zinamsubiri. Ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kina meza ya kukatia, cherehani ya mguu, rundo la vitambaa vya bluu na kaki, na mkebe wa vifungo visivyo na wenzao. Ukitaka sketi ambayo binti yako ataivaa miaka mitatu, unakwenda kwake, naye anakuachia upindo mpana wa kushusha kila mwaka.

Sasa mtu kama huyo, eti ubalozi ukamwambia alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi wa nchi ya kigeni alikoishi miaka minne. Nchi ambayo hata kwenye ramani angeitafuta mpaka jioni!

Pacha wenyewe wana miaka tisa, wa kike na wa kiume. Waliondoka na baba yao miaka miwili iliyopita kwa sababu karatasi zao zilitoka kwanza, na wote wakaamini za mama zingefuata baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu, wapi! Siku hizi wakipiga simu ya video, wa kiume anasalimia haraka na kukimbilia mchezo wake, na wa kike anaongea kama anayeokota maneno sakafuni. Mwezi mmoja kabla ya usaili wa viza ubalozini, huyo wa kike alimwuliza, "Mama, wewe ni mrefu au mfupi?" Mtoto kasahau. Mama Pacha alicheka, akasema atamwona mwenyewe, akakata simu, kisha akalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Duniani alitaka kitu kimoja tu, kuwafikia wale watoto kabla hajageuka kuwa sauti ya simu.

Balaa lilianzia kwa mdogo wake, Kidege. Walimwita hivyo tangu utotoni kwa sababu hakutulia mahali. Kidege alipokuwa na miaka kumi na saba, wakala wa kazi za ndani alipita mtaani akitafuta wasichana wa kupeleka nje, lakini aliwataka wa miaka ishirini na moja kwenda juu. Mama yao, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kushindwa na hesabu ndogo kama hiyo. Alichomoa cheti cha kuzaliwa cha mkubwa chini ya godoro, akampa wakala pamoja na picha ya mdogo. Mwenye jina alikuwa kwenye kibarua chake cha ushonaji. Habari alizipata pasipoti ikiwa imeshatoka.

"Mama, hilo jina ni langu!" alifoka.

"Kwani limepungua?" mama akamwuliza. "Undugu ni kufaana, si kufanana. Na nyinyi mnafanana vilevile. Unataka nini zaidi?"

Basi Kidege akaruka. Miaka minne alifua, akapiga deki, akalea watoto wa watu kwa jina la dada yake. Bati la nyumba ile ni jasho lake, na cherehani ile pia, kwa hiyo tusije tukamtia mdomoni tukasahau. Alirudi mwaka aliofariki mama yao, lakini alirudi wiki saba baada ya maziko, na hilo dada yake hakulimeza. Kila walipogombana, hata kwa ajili ya ndoo ya maji, Mama Pacha alikuwa na jiwe lake tayari: "Hata kumzika mama hukuja!" Kidege alikuwa akiinamisha kichwa tu, hajibu.

Mambo yakalala miaka mingi. Mama Pacha akaolewa, akazaa, mumewe akapata kazi nje, na yeye akaenda kuomba pasipoti yake ya kwanza maishani. Karani akabonyeza kompyuta yake, akamwambia hiyo si ya kwanza, ni ya pili, na ya zamani lazima iambatanishwe. Angefanya nini? Akaitoa kabatini ile aliyorudi nayo Kidege, akaiambatanisha, akaomba Mungu asiwepo wa kuifungua.

Wakaifungua. Siku ya usaili, mwanamke mwenye miwani nyuma ya kioo cha ubalozi alipekua ile pasipoti ukurasa baada ya ukurasa, mihuri ya kuingia, kibali cha kazi, muhuri wa kutoka. "Uliishi huko miaka minne," akasema kwenye kipaza sauti. "Mbona hukuandika kwenye fomu?" Mama Pacha akashika kuhesabu vifungo vya blauzi yake. Ofisa akadhani ni woga wa kawaida. Akampitishia karatasi chini ya kioo: cheti cha polisi wa nchi ile, ndani ya siku sitini, bila hivyo faili linafungwa.

Mumewe alipopiga simu aliuliza imekuwaje. "Wanataka karatasi moja zaidi," akamjibu. Alipouliza karatasi gani, akasema mteja ameingia. Hakukuwa na mteja. Alikuwa hajawahi kumwambia mumewe habari ya lile jina, na kila mwaka uliopita ulikuwa umezidi kulifanya lisisemeke.

Polisi wa kule walitaka alama za vidole vyote kumi, zimechukuliwa na polisi wa hapa na kugongwa muhuri. Hapo ndipo mtego ulipobana. Akipeleka vidole vyake, kompyuta ya kule itasema huyu si yule tuliyekaa naye. Asipopeleka, watoto basi. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na yeye hata hakuupanda mwenyewe, alipandishwa.

Alimweleza Kidege mchana mmoja akiwa anapiga pasi marinda. Kidege alikuja na mtoto wake wa miezi saba mgongoni. Anafagia zahanati, na baba wa mtoto alishapotea kama moshi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshusha mtoto mgongoni.

"Nitakwenda mimi," akasema hatimaye. "Vidole wanavyovijua ni vyangu. Nipe kitambulisho chako."

"Na wakigundua?"

"Dada, nilikuwa wewe miaka minne. Nusu saa itanishinda?"

Wakaenda. Mama Pacha alibaki kwenye benchi la nje ya kituo na mtoto mapajani, akimbembeleza na huku masikio yote yako dirishani. Alimsikia afande akisema, "Legeza mkono, dada, anayeandika ni mimi." Kisha, "Hapa kwenye kitambulisho ulikuwa mnene kidogo."

"Maisha, afande," Kidege akajibu.

"Maisha yametukondesha wengi," afande akasema, na muhuri ukagonga.

Kidege alitoka na vidole vyeusi, akamchukua mwanawe kwa ukingo wa viganja asimchafue. Mama Pacha alitaka kumkumbatia palepale. Aliona ajabu kwamba mdogo wake hakutabasamu hata kidogo.

Wiki tano zikapita. Mama Pacha alishona kama mtu anayefukuzwa. Alikata shingo mbili kwenye blauzi moja, akamwekea mwanafunzi wa kiume zipu nyuma, wateja wakamtania kwamba viza imeshaondoka na kichwa chake kimetangulia. Siku ya thelathini na sita, bahasha ikafika kwa posta. Aliifungua kwa mkasi wa kukatia, taratibu, asije akaukata uhai wake. Ndani kulikuwa na karatasi ya lugha ya kule, na tafsiri yake imebanwa nyuma. Jina lilikuwa lake. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: amepatikana na hatia, kuvunja na kuiba, kifungo miezi mitatu, kufukuzwa nchini.

Aliusoma mara nne. Kisha akatoka bila viatu, akaenda mpaka zahanati, akamkuta Kidege anakamua dekio, akamnyooshea karatasi mbele ya wagonjwa. Kidege hakuisoma. Aliuona muhuri tu, akamvuta dada yake chumba cha mafagio, akafunga mlango.

"Uliiba nini?" Mama Pacha akauliza.

"Pasipoti."

"Ya nani?"

"Yako."

Mama Pacha akamkodolea macho.

"Mliniandikia mama amezidiwa," Kidege akasema. "Nikaomba ruhusa. Yule bibi mwenye nyumba akasema mama zetu wanakufa kila mwezi. Pasipoti alikuwa ameifungia kwenye droo. Nikaivunja kwa kisu cha mezani. Sikuchukua kingine, dada, wallahi, hata leso. Walinikamata kituo cha basi la uwanja wa ndege. Mama anazikwa, mimi niko ndani nahesabu siku."

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hii!"

"Ningesema nini? Lililofungwa ni jina lako. Na siku wananitoa, mlinzi aliniambia nikishapanda ndege limekwisha. Nikaamini. Nilipokuwa natia wino mle kituoni nilikuwa naomba liwe limekwisha kweli."

Jamani, hasira na huruma zikikutana kifuani mwa mtu mmoja, hakuna anayepata pa kukaa. Mama Pacha alikumbuka lile jiwe lake, hata kumzika mama hukuja, na mara ngapi alilirusha, na yule mtu aliyekuwa akilipokea kwa kichwa kilichoinama. Akaona aibu mpaka miguuni. Papo hapo akawakumbuka pacha, na aibu ikageuka kuwa ghadhabu. "Umenifungia watoto wangu!" akapiga kelele, kisha akamshika mdogo wake shingoni wakalia pamoja, huku mtu nje anagonga akitaka fagio.

Bila cheti faili linafungwa, na kwa cheti kile litafungwa vilevile. Siku nane alizunguka nyumba yake kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Mwishoni akaona heri akataliwe akiwa amesimama mbele ya mtu, labda mtu atakuwa na moyo.

Mwanamke mwenye miwani alikuwa na moyo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisoma cheti, akafungua pasipoti ya zamani, akaitazama picha, akamtazama Mama Pacha, akairudia picha. Akazima kipaza sauti, akainama kwenye tundu la kioo aongee kwa sauti yake mwenyewe.

"Mama, nisikilize. Huyu mimi simwoni kama ni wewe. Kama kuna mtu alitumia jina lako, niambie ni nani. Suala lake tutawaachia polisi wa hapa. Lako litaendelea. Una watoto wawili kule, nimewaona kwenye faili."

Mlango huo hapo, wazi. Neno moja tu. Mama Pacha aliwaona pacha wakiwa uwanja wa ndege, wa kike akimpima urefu kwa macho. Kisha akamwona Kidege, aliyekuwa nje ya geti wakati huohuo akimnyonyesha mwanawe juu ya ukingo wa barabara, akaona afande mwingine akimchukua, na mtoto akibaki mikononi mwa nani? Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba mpaka sauti inatoka hakujua itasema nini.

"Ni mimi," akasema.

"Una hakika?"

"Niliivunja droo. Mama yangu alikuwa anakufa."

Ofisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaeleza polepole kwamba kwa kosa la wizi viza haitolewi, na kwamba anaweza kuomba upya baada ya miaka mitano. Muhuri ukashuka. Baada ya miaka mitano pacha watakuwa na miaka kumi na minne, na Mama Pacha alipiga hesabu hiyo akiwa bado ameshika kizingiti cha dirisha.

Nje, Kidege alinyanyuka mbio. "Wamesemaje?"

"Miaka mitano."

"Hukuwaambia ni mimi?"

"Sikuwaambia."

"Kwa nini, dada? Na watoto?"

Kabla Mama Pacha hajasema kitu, simu ilianza kuita mkobani. Ilikuwa saa ya pacha kutoka shule. Waliahidiwa kwamba leo ndiyo leo, mama atasema tarehe. Simu ikaita, ikakatika, ikaanza upya. Mama Pacha aliitoa, akaitazama, akamsukumia mdogo wake kifuani, na yeye akampokea mtoto.

"Pokea wewe," akasema. "Mle ndani nimekujibia. Hapa nijibie wewe. Mimi siwezi, Kidege, siwezi kabisa."

Kidege aliitazama simu mpaka ikakaribia kukatika tena. Akabonyeza. Jua lilipiga kioo, nyuso hazikuonekana vizuri upande wowote.

"Mama!" sauti ya kike ikaita. "Mama, unakuja lini?"

Kidege akaisogeza simu kivulini. "Si mama," akasema. "Ni mimi, mama yenu mdogo. Mwiteni baba yenu akae hapo karibu, nina jambo langu la kumweleza. Mama yenu hana kosa lolote."