Jibu Moja, Karatasi Mbili

Miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa, Bariadi ilijaa watu wenye mikoba. Tangu nizaliwe nilijua mnunuzi mmoja tu, ushirika. Ghafla kampuni ngeni zikawa zinapaka rangi maghala ya zamani na kubandika matangazo ya kazi ukutani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani Mwandoya misimu miwili nikipalilia, nikamwambia mama kwamba nakwenda kuomba ukarani wa mizani. Tangazo lilisema waombaji watafanya mtihani wa kufikiri kwa mantiki. Pale kwetu hakuna aliyejua huo ni mdudu gani.

Nilifikia kwa shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi pale Bariadi. Alikuwa na kijitabu cha maswali ya namna hiyo, kimechakaa, na kurasa za mwisho hazipo.

"Majibu yako wapi?" nikamuuliza.

"Nimeyachana. Ungeyasoma ungeacha kufikiri."

Kila siku akitoka shuleni tulikaa jikoni, yeye akichambua mchele, mimi nikisoma kwa sauti. Swali la kwanza nalikumbuka mpaka leo: duka la jirani limefungwa, kwa hiyo mwenye duka amesafiri. Aliyesema hivyo amechukulia nini bila kukitaja?

"Kwamba duka limefungwa," nikajibu.

"Hilo limesemwa. Mimi nataka lisilosemwa."

Nilihangaika mpaka mchele ukaisha kuchambuliwa. Mwishowe nikasema labda anachukulia kwamba yule mtu hafungi duka ila akisafiri.

"Sasa ligeuze. Sema huwa anafunga hata akiugua. Maneno yake bado yanasimama?"

"Yanaanguka."

"Basi hiyo ndiyo nguzo aliyoificha. Ukitaka kujua kama ni nguzo, iondoe uone kama nyumba inabaki."

Baada ya wiki mbili ugonjwa ulikuwa umeniingia. Sikuweza kusikia mtu akisema "kwa hiyo" bila kumtilia shaka. Mama aliniandikia kwamba kijana aliyekuwa ananiposa hajaonekana siku nyingi, kwa hiyo amepata mwingine. Nikamjibu kwamba amechukulia kijana yule hana sababu nyingine ya kutokuja, pengine baiskeli imeharibika. Mama hakuniandikia tena mwezi ule.

Mtihani ulifanyika katika darasa la shule. Kwenye dawati langu alikaa mwanamke aliyenizidi umri, khanga begani, viatu amevivua na kuvipanga chini ya benchi. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimu mama asubuhi. Akaitika, akaniambia ametoka Shishiyu na hajashika kalamu tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Hatukusema zaidi. Msimamizi alituweka kila mtu kwenye ncha yake ya dawati.

Swali la saba halikuwa la kuchagua herufi. Lilisema: mwaka huu wanunuzi wa pamba wamekuwa wengi, kwa hiyo mkulima atapata bei nzuri zaidi, andika kwa sentensi moja jambo ambalo mwandishi amelichukulia bila kulisema. Nilijaribu nguzo tatu, nikaziondoa moja moja. Mbili hazikuangusha kitu. Ya tatu iliangusha nyumba nzima, nikaiandika.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini, mimi na mwanamke wa Shishiyu tu. Ndani alikuwamo meneja wa ununuzi, mtu mzito, na kijana mwenye tai aliyetoka Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyetunga mtihani. Meneja aliweka karatasi mbili mezani, akasoma ya kwanza: "Kwamba wanunuzi hawajakaa pamoja wakapatana bei." Akasoma ya pili. Ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa yule mama aliandika "hawajaketi."

"Nani kati yenu alimchungulia mwenzake?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Au kuna mtu kawatuma? Mnajua mlichokiandika hapa? Mmeandika kwamba sisi ni wezi."

Nikasema, bila kumtazama, "Bwana meneja, samahani. Umechukulia kwamba watu wawili hawawezi kufikia jibu moja, kila mmoja kwa njia yake."

"Unanifundisha?"

"Hapana. Na sikuandika kwamba mmepatana. Nimeandika kwamba kama mmepatana, maneno ya swali yanaanguka."

Kijana wa tai akakohoa. "Bosi, jibu hilo ndilo nililonalo hata mimi."

Meneja akamgeukia polepole. "Kumbe. Basi wewe ndiye uliyewapa."

"Sikuwajua kabla ya juzi. Swali lina jibu moja. Wakilipata kumi, wamelipata kumi."

Sasa wote wawili wakawa wanatazamana kwa jicho baya, na sisi tumesahaulika. Ndipo yule mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeulizwa habari za nyumbani: "Mimi sijasoma kitabu. Msimu uliopita walikuja kwetu wanunuzi wawili. Kabla ya kutangaza bei waliketi kwa mama ntilie, wakanywa chai pamoja. Bei zikatoka sawasawa. Kwa hiyo nimeandika nilichokiona."

Meneja alizikunja zile karatasi, akatuambia twende.

Wiki iliyofuata niliitwa kazini. Jina la yule mama halikuwa kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Nilifanya kazi pale misimu mitatu, na sikuwahi kuwa na raha. Nilijiambia kwamba walinichukua mimi kwa sababu nilisema mambo ya kitabuni, wakamwacha yeye kwa sababu alisema alichokiona kwa macho. Meneja akinichekea nilijiuliza anataka nini. Akinipita bila salamu nilijiuliza amesikia nini.

Nilikutana tena na yule mama kwenye mnada wa ng'ombe, Maswa. Alikuwa ameshika kamba ya mtamba mwekundu aliyemnunua muda ule ule. Nikamwomba radhi kwa kupata kazi ambayo naye alistahili.

"Nani kakuambia walininyima?" akaniuliza.

"Jina lako halikuwapo."

"Halikuwapo kwa sababu niliwahi kwenda kukataa. Walinitumia barua kabla ya kubandika orodha. Nikasema sikai mezani na watu ambao nitakuwa nawachunguza kila wakinywa chai."

Misimu mitatu nimebeba huruma isiyo na mwenyewe. Niliona aibu, kisha papo hapo nikaanza kujiuliza kama ile barua ilikuwapo kweli, au anasema hivyo ili nisimwonee huruma. Nilitaka kumuuliza nani aliyemletea, na ilisemaje. Nadhani aliliona swali usoni mwangu, maana alicheka.

"Unachoka sana, mdogo wangu," akasema.

Mtamba akavuta, akamyumbisha. Akanipa ncha ya kamba nimsaidie, tukaanza kumswaga taratibu kuelekea barabara ya Shishiyu.