Siku Nne za Kusubiri Majibu ya Sikoseli

Nilikuwa nimefundisha urithi wa sikoseli kwa kidato cha sita miaka saba, hapa Mwanza, kabla msichana mmoja wa dawati la mbele hajaniuliza, "Mwalimu, wewe umeshapima?"

Nilimjibu kwamba swali hilo haliji kwenye mtihani. Darasa likacheka, nikageukia ubao. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Mdogo wangu wa kike ana sikoseli. Nimekua nikimsikia akilia kwa maumivu ya mifupa nyumbani kwetu Misungwi, mama akimkanda kwa maji ya moto, na ndugu wa baba wakisema wazi kwamba ugonjwa umetoka kwa mama.

Na mwaka huo nilikuwa nimechumbiwa. Jioni ile nilimweleza mchumba wangu kwamba huenda nina jeni ya sikoseli bila kuumwa, na kwamba kama naye anayo, kila mimba itakuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Akasema, "Kesho twende tukapime wote."

Tulisubiri siku nne. Madaftari niliyosahihisha siku hizo ilibidi niyarudie yote.

Mtaalamu wa maabara alianza na yangu: ninayo jeni moja. Nilitegemea hivyo, lakini nilijikuta nimekaa kwenye benchi. Akafungua karatasi ya pili.

"Mwenzako hana."

"Naomba urudie."

"Hana, dada. Watoto wenu wanaweza kurithi jeni moja kama wewe, lakini kuugua sikoseli, hapana."

Nililia palepale kwenye benchi, mpaka mchumba wangu akalazimika kuwaambia watu, "Jamani, ni habari njema."

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Nilimwamkia, nikamwonyesha majibu, nikamchorea nyuma ya karatasi miraba minne ninayowachorea wanafunzi, kuonyesha jeni ya baba na ya mama zinavyokutana kwa mtoto.

"Kwa hiyo hata baba yako alitoa nusu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Bila nusu yake, mdogo wangu asingeumwa."

"Sasa jeni mbaya hivyo, mbona haikuisha?"

"Huku ziwani malaria ilikuwa inaua watoto wengi. Mwenye jeni moja tu malaria kali haikumpata kirahisi, akakua, akazaa, akairithisha. Ndiyo maana wengi tunayo."

Mama alipitisha kidole kwenye ile miraba, mmoja baada ya mwingine. "Miaka yote hii," akasema, "nilijua ni mimi niliyemuumiza mwanangu."

Nilimshika mkono. Nilikuwa nimefundisha mamia ya watoto wa watu somo hilo, na mama yangu sikuwahi kumfundisha.

Akajifuta macho kwa khanga, akamwita mdogo wangu kutoka ndani: "Njoo hapa, dada yako akueleze kitu." Mdogo wangu akaja, tukaanza upya kwenye mraba wa kwanza, safari hii mama ndiye akieleza.