Kiti Nilichokikataa Magongo

Aibu hii naisimulia nikiwa nimeketi kitini, na mtaelewa kwa nini. Kutoka Bungoma nilipanda lori la mahindi hadi Nakuru, kisha treni ya daraja la tatu mpaka Changamwe, magoti yakilia kama bawaba zenye kutu. Ilikuwa miaka ya tisini, nina virusi vya ukimwi, na siri hiyo tuliijua wawili tu, mimi na nesi wa zahanati (magoti nayo yalijua, lakini kazi yao ni kuuma, si kusema). Nesi aliniambia nijikande kwa maji ya moto, nitembee kidogo kila asubuhi, nisikae mkao mmoja muda mrefu. Ushauri mzuri sana, niliufuata mpaka siku ya harusi.

Bi Zuhura, mwenye nyumba niliyopanga Magongo, alikuwa akimwoza binti yake. Wanaume tulitandikiwa mikeka uani. Aliponiona nachechemea akatoa kiti mlangoni.

"Kaa hapa, baba."

Kiti kilikuwa cha wazee na wagonjwa, nami mzee sikuwa, sasa watu wangesema mimi ni nani?

"Ahsante, mama, mimi mtu wa mkeka," nikajibu, mwanamume kamili, nikakunja magoti.

Pilau ikaliwa, dua ikasomwa, watu wakainuka. Mimi wapi! Goti moja lilikataa, la pili likaliunga mkono, nikatafuta cha kushika, na cha karibu kilikuwa kikoi cha Mzee Athmani, baba wa bwana harusi. Kikaja chote. Mimi nikaangukia sinia, yeye akabaki na kaptura ya maua mbele ya wakwe.

"Astaghfirullah! Mlevi huyu!" Mzee Athmani akafoka.

Nami, kwa akili zangu nyingi, nikaona ulevi una heshima kuliko ugonjwa, nikasema, "Nisameheni, nilionja kidogo." Kwenye harusi ya Waislamu!

Bi Zuhura akanifuata chumbani. "Mlevi hakai kwangu. Funga virago."

Ndipo nikamwambia ukweli, punje za wali zikiwa bado shavuni.

"Wallahi una kazi wewe! Mimi nilikupa kiti, sikukuuliza waumwa nini. Keti." Akaenda kunichemshia maji ya kujikanda.

Tangu hapo nikikaribishwa kwa watu naomba kiti kabla ya maji ya kunywa. Na siku nilipoihama Magongo moja kwa moja, nilipita kumuaga Mzee Athmani. Alinipa mkono wa kulia kwa upole kabisa, na wa kushoto akashika kikoi.