Vijiti vya Minji

Kabla sijasimulia nilichokifanya, niacheni nijitetee kidogo, ingawa najua utetezi wangu hauna mashiko. Mimi nimezaliwa Mombasa. Kwetu mti wa matunda hauvui majani yote kwa hiari yake. Mkungu hupukutisha, ni kweli, lakini ukigeuka kidogo umeshavaa tena. Mti mwingine ukiuona umebaki matawi matupu, ujue mchwa wameumaliza kwa chini, na kinachofuata ni kutafuta msumeno. Hivyo ndivyo mama yetu alivyotufunza, mimi na dada yangu, katika bustani yake ya ndoo na makopo pale uani.

Dada yangu sasa anaishi Maskati. Hupanda nyanya zake juu ya paa mwezi wa Oktoba, joto likianza kulegea, kwa sababu Julai huko hata jani lililo kivulini huungua. Mimi niliolewa Nakuru. Kwa miaka tuliandikiana habari za bustani zetu, na kwetu sote wawili adui alikuwa mmoja, jua. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mahali ambapo baridi huvua miti nguo.

Mama mkwe wangu anaishi Elburgon, juu huko kwenye ukungu. Julai ile alishuka Nakuru kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Daktari alimkataza kuinama, na kukaa karibu na moshi, kwa wiki nne. Basi ikaamuliwa akae na mwanawe katika nyumba yetu ya kupanga chini ya Milimani, nami niende Elburgon kumwangalizia boma. Mimi hushona nguo, na cherehani yangu hailalamiki ikihamishwa.

Siku ya kuondoka alinipa maagizo akiwa ameshika mlango wa gari. Hajawahi kuniita jina langu. Huniita Mombasa.

"Mombasa, kuku ulishe. Minji uwekee vijiti, zimeanza kutambaa. Mlango ya stoo ukiacha wazi panya itamaliza mbegu. Hiyo ingine yote iko sawa."

Minji kwao ni njegere. Kisha akaingia, akafunga mkanda, akateremsha kioo.

"Nikirudi nitapata plamsi imetoa maua. Miaka tatu nimekuwa nikiona tu kitu nyeupe-nyeupe kama nguo imeanikwa. Hii mwaka nitaona ua."

Habari za mti huo nilikuwa nazo. Marehemu mumewe ndiye aliyeupanda na kuuunganisha kwa mikono yake. Kila Krismasi ndoo ya plamsi, yale matunda mekundu ya baridi, huteremka Nakuru, nami hukaa na ile ndoo mpaka tumbo linikataze. Lakini mti wenyewe sikuwahi kuonyeshwa. Nilikuwa nimefika boma lile mara mbili tu, mara zote kukinyesha, na nyuma ya nyumba niliona mti mmoja mzuri wa majani makubwa ya kijani kibichi, umesimama karibu na tangi la maji. Nikaamua huo ndio mti wa plamsi. Hakuna aliyeniambia. Mimi ndivyo nilivyo, huamua.

Baridi ya Elburgon mwezi wa Julai sitaki hata kuizungumzia. Asubuhi ya kwanza nilitoka na leso mbili za kujitanda, sweta la mume wangu na soksi mikononi, na bado meno yaligongana. Mafuta ya nazi yalikuwa jiwe ndani ya chupa. Jua lilichungulia saa tano, likatazama hali ilivyo, likarudi. Saa nane mawe ya barafu yakaanza kupiga mabati kwa kishindo ambacho kilinifanya niingie chini ya meza nikisoma kila dua niliyoijua. Nilimwandikia dada yangu kwamba huku mbinguni wanatupa kokoto. Alinijibu kwamba kwake ndoo ya plastiki imeyeyuka ukingo.

Siku ya tatu nilitembea nyuma ya stoo, nikakutana na mti mkavu. Ulikuwa wa kijivu, matawi yamepindana, hauna hata jani moja la kusingizia. Nilimwonea huruma mama mkwe. Macho yale hayakuwa yakiona, nikawaza, ndiyo maana mti umekufa hapa na yeye hana habari. Niliupiga picha nikampelekea dada yangu.

"Huo ushakufa, dada," alisema. "Ukate kabla mchwa hawajahamia kwenye paa la watu."

Nilitaka arudi akute boma linang'aa. Nilitaka, nisijifiche, aniite jina langu. Msumeno ulikuwa umening'inia kwenye msumari ndani ya stoo. Nilikata mchana kutwa, na kwa bidii yangu mbaya nikaukata chini kabisa, sawa na udongo, ili mzee wa watu asijikwae. Unga wa mti ule ulinata vidoleni. Ndani kulikuwa na wekundu, na unyevunyevu. Mti uliokufa hauna maji. Niliyaona maji yale kwa macho yangu mawili mazima, nikayaita mvua.

Shina nililipasua kuni. Vitawi vyembamba nilivichomeka kwenye tuta la minji, kimoja kimoja, safu nzima, kama nilivyoagizwa. Kisha nikachukua ndoo mbili za samadi nikaumwagia ule mti wa majani makubwa pale kwenye tangi, ili uchanue vizuri mwenyewe akirudi. Usiku nililala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Wiki tatu zilipita. Nilishona sare za shule, nililisha kuku, nilizoea kidogo. Asubuhi moja nilitoka na mahindi ya kuku mkononi, nikasimama. Tuta la minji lilikuwa na weupe. Nilidhani ni barafu ya jana imekataa kuyeyuka. Nikasogea. Nikainama. Vile vijiti vyangu, vile vikavu nilivyovichomeka kwa mikono yangu, vilikuwa vimetoa maua. Maua meupe, madogo, ya petali tano, yamejipanga kutoka chini hadi juu, na nyuki yuko kazini.

Mahindi yalinimwagika. Kuku walikuja kuyadonoa miguuni pangu, nami sikuweza kuinua mguu. Sijawahi kushtuka vile kwa kitu kizuri. Niliwaza upesi upesi, na kila nilichowaza kilikuwa kibaya kuliko cha kabla yake. Nikampigia mume wangu.

"Ule mti wa majani makubwa karibu na tangi," nilisema, "ndio plamsi, sivyo?"

"Hapana, hiyo ni lukwati. Plamsi iko nyuma ya stoo. Saa hii haina majani, imelala. Karibu itoe maua. Kwani?"

"Nilitaka kujua tu," nikasema, nikakata simu.

Nilikaa chini kwenye udongo wenye baridi. Nililia, na sikulia kistaarabu. Mwanamke amepasuliwa jicho aone ua moja, na mimi, ambaye macho yangu hayana kasoro, nimemkatia mti ukiwa usingizini.

Kando ya barabara kuu kuna mzee anayeuza miche. Nilimwendea na leso zimenikaa upande, nikamweleza yote bila kupumua. Alinisikiliza, akaguna, akafunga wembe kwenye karatasi na kunifuata. Alipofika nyuma ya stoo alichutama, akafukua udongo kuzunguka kisiki kwa vidole. Kisha akavua kofia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Madam, ungekata juu, hapa kwa goti, haingekuwa kitu," alisema. "Lakini umekata chini ya mahali iliunganishwa. Hii imebaki ni pichi, tunda ingine kabisa. Mizizi ya pichi, juu ndio ilikuwa plamsi. Ukingoja, itachipuka. Lakini itachipuka pichi."

"Kwa hivyo plamsi haipo tena duniani?"

"Iko." Akageuka akatazama tuta la minji. "Umeipanda hapo."

Alipita kwenye ile safu akikwaruza kila kijiti kwa ukucha. Chini ya gamba kulikuwa na kijani. Vilivyochanua alivipita, hivyo, alisema, vimeshatumia nguvu zote kwa maua na havina pa kuzitoa nyingine. Mwisho wa tuta, penye kivuli cha uzio, alipata sita ambavyo macho yake ya kuchipulia yalikuwa bado yamefumba. Baridi ile niliyoitukana mwezi mzima ndiyo iliyokuwa imeviweka hai. Alivichonga ncha, akafungua gamba la kisiki kwa wembe, akavisukuma ndani, akavifunga na vipande vya mfuko wa plastiki na kuziba kwa nta ya mshumaa.

"Itashika?" nikauliza.

"Siwezi kukudanganya. Usiguse. Na barafu isiguse."

Barafu ilikuja siku ya tatu, siku ile ile ambayo mama mkwe alikuwa njiani. Mume wangu alikuwa amepiga simu wametoka Njoro. Mbingu ikageuka rangi ya sufuria kuukuu, kokoto ya kwanza ikapiga bati. Nilikuwa na karai moja na shuka moja, na mikono miwili. Nikitandika shuka juu ya tuta la minji na kulishikilia, maua yangesalimika, na mama angefika akayaona, yale aliyoyangojea miaka mitatu. Kisiki kilikuwa nyuma ya stoo, upande wa pili.

Sikufikiria sana, na nashukuru, kwa maana nikifikiria huwa naamua vibaya. Nilikimbilia kisiki. Nilikifunika kwa karai, nikaona limeinama upande, nikalilalia na kujivika lile shuka. Mawe yalinipiga mgongo, yalinipiga kisogo. Nilipiga kelele kwa lugha ya kwetu, maneno ambayo mama yangu mzazi angeyasikia angenisugua mdomo kwa sabuni. Sikuinuka hadi mabati yaliponyamaza.

Walipofika nilikuwa langoni, nimelowa, nina matope hadi kwenye nyusi. Sikumsubiri ashuke vizuri.

"Mama, nimeukata mti wa plamsi. Nilidhani umekufa."

Mume wangu alishika kichwa. Mama mkwe aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona sawasawa, kwa jicho jipya, na ndivyo nilivyokuwa. Alipita, akazunguka stoo, akasimama mbele ya kisiki na vile vijiti sita vilivyofungwa mifuko. Nilimweleza habari ya pichi, ya mzee wa miche, ya vijiti vya minji. Akaenda kwenye tuta. Minji ilikuwa imelala chini, imepondeka, na petali zimetapakaa kwenye barafu hata hukujua ipi ni ipi. Alitaka kuinama, mume wangu akamkumbusha daktari. Mimi nikapiga magoti, nikatafuta kijiti hadi kijiti, nikapata ua moja limejificha chini ya jani la minji. Nikalichuma, nikamwekea kiganjani.

Alilisogeza karibu na jicho lake. Alilitazama muda mrefu, akaligeuza, akahesabu petali kwa midomo bila sauti.

"Mawe ikija, ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Juu ya kisiki, mama."

"Na hii maua ukaiacha?"

"Niliyaacha."

Alikunja kiganja. "Umeniumiza, Mombasa," alisema. "Umeniumiza sana. Enda ubadilishe nguo kabla upate homa."

Siku mbili hakuzungumza nami ila kwa mambo ya chumvi na maji ya moto. Nilistahili. Niliporudi Nakuru sikujua kama nitaalikwa tena kule, na kwa miezi kila simu ya Elburgon ilipolia nilimpa mume wangu aipokee.

Katika vile vijiti sita, vitano vilikauka. Kimoja kilishika.

Julai iliyofuata ilikuwa zamu ya jicho la kushoto. Nilidhani atamtafuta jirani. Alipiga simu mwenyewe, akataka azungumze na mimi.

"Mombasa, utakuja kukaa na kuku?"

Nilikwenda na cherehani yangu. Alikuwa ameshateremka Nakuru na gari la asubuhi, tukapishana njiani. Niliweka mizigo, nikavaa soksi za mikono, nikazunguka nyuma ya stoo. Mti ulikuwa umefika kifuani mwangu, wa kijivu, hauna hata jani moja. Na kwenye tawi la juu kulikuwa kumefungwa kipande cha leso, leso yangu nyekundu niliyoisahau mwaka uliopita, mafundo mawili ya nguvu, kinaonekana hata kutoka langoni.

Nilicheka, kisha nikaingia stoo kutafuta jembe la minji. Msumari wa msumeno ulikuwa mtupu. Nilimpigia mume wangu nikamuuliza kama mama amemwazima mtu msumeno.

"Msumeno?" alisema. "Uko hapa. Amekuja nao kwa gunia. Ameuweka chini ya kitanda."

Nilirudi nje, nikaukwaruza mti kidogo kwa ukucha, chini ya leso. Kulikuwa na kijani.