Mtungi Aliotunza Geumnye

Kijijini kwao, kando ya mto Seomjin, hakuna aliyemwita Geumnye kwa jina lake. Walimwita Mama wa Boseong, kwa kuwa ndiko alikotoka kuolewa, na mwanamke wa huko hubeba jina la kwao mpaka kaburini.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, kabla hajaonyeshwa hata kisima, mama mkwe alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Mitungi ilipangwa pale juu ya mawe, mikubwa nyuma, midogo mbele. Mama mkwe alifunua mmoja mdogo, akachovya ncha ya kijiti cha kulia chakula, akamdondoshea ulimini. Ulikuwa mchuzi wa soya, mweusi kama lami. Kwanza ulikuja ukali wa chumvi, kisha utamu uliochelewa kufika na ukachelewa zaidi kuondoka.

"Huu niliukuta," mama mkwe alisema. "Na aliyenipa naye aliukuta. Vita vilipokuja tuliufukia chini ya zizi tukakimbia. Nyumba iliungua, mchuzi ukabaki. Sasa ni wako, mkwe. Ukibadilika ladha, nyumba hii imekwisha."

Mchuzi wa namna ile huitwa mbegu. Hautumiki ovyo. Kila mwaka, unapopungua, huongezewa mchuzi mpya ulio bora kuliko wote wa mwaka huo, na wa zamani huufundisha ule mpya. Mtungi wake haukaushwi wala haukwanguliwi chini. Hurithiwa na mke wa mwana mkubwa, naye atamkabidhi mke wa mwanawe.

Geumnye aliipokea kazi kama watu wengine wanavyopokea dini. Mavuno yakiisha alichemsha soya siku nzima mpaka punje zikapondeka kati ya vidole viwili, akazitwanga, akazifinyanga kuwa matofali, akayaning'iniza kwa mabua ya mpunga ili yaote ukungu mzuri. Baridi ilipoanza kulegea aliyatumbukiza katika maji ya chumvi, pamoja na makaa na pilipili kavu. Majira ya kuchipua yalipoiva alitenganisha: maji yakawa mchuzi, masalia yakawa rojo la kupikia supu. Juu ya mtungi wa mbegu alibandika karatasi nyeupe iliyokatwa umbo la soksi, unyayo ukitazama juu, kuzuia kila kibaya.

Soya ndiyo iliyowalea watu wa bonde lile. Ya porini bado hutambaa kingoni mwa mto, na wazee husema mababu waliitoa huko wakaifuga shambani, zamani ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Katika miezi ya njaa, mchele ukiwa umekwisha na shayiri haijaiva, supu ya rojo na majani ya mwituni iliweka nguvu miguuni mwa watoto wasiojua nyama. Mlevi alizinduliwa kwa supu ya chipukizi za soya. Joto likizidi, watu walikula tambi katika maziwa baridi ya soya.

Mwaka mmoja baada ya Geumnye kuolewa, wifi yake Yeongsim aliolewa mji wa jirani. Masika yaliyofuata, mama mkwe alionja mtungi wa mbegu mbele ya majirani, akatema.

"Umeufanya nini?"

"Sijaugusa, mama. Nimeongeza tu mpya, kama ulivyonielekeza."

"Basi ni mkono wako. Una mkono wa maji, unapoozesha ladha."

Geumnye alionja. Ni kweli, ule utamu wa mwisho haukuwepo. Mwaka ule ndama alikufa, na mto ukala nusu ya shamba. Wanawake kisimani walinyamaza alipofika. Alibadilisha chumvi, akabadilisha soya, akaamka alfajiri kufuta mitungi vumbi kama anayefuta machozi ya mtu. Miaka ilipita, mchuzi ukawa mzuri, lakini haukuwa ule. Kila sikukuu Yeongsim alipokuja, aliramba kijiko akacheka.

"Wifi, bado tu? Labda uoshe mikono kwa mchuzi wenyewe."

Geumnye alicheka naye, kwa kuwa aliamini anastahili kuchekwa. Mama mkwe alipougua na kupoteza meno, ni yeye aliyemlisha tofu laini kijiko kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Hakusikia neno la msamaha, wala hakulitarajia.

Hata mumewe, Cheolgyu, alipopata shinikizo la damu, lawama ilirudi palepale. Daktari wa kliniki alisema soya ina protini kama nyama na mafuta yake hayasumbui mishipa, kwa hiyo tofu ale na chipukizi ale, ila mchuzi apunguze kwa sababu ya chumvi.

"Huu wa kwetu si hasara kuupunguza," Cheolgyu alimjibu daktari, na kliniki nzima ikacheka.

Halafu Yeongsim, mjane sasa, ikabidi ahamie kwa mwanawe, jijini Gwangju. Geumnye alikwenda kumsaidia kufunga mizigo.

"Ghorofa ya kumi na nne, wifi," Yeongsim alilalamika. "Nikiweka rojo kibarazani, majirani watadhani kuna maiti. Wewe funga vyombo vya jikoni. Stoo niachie mimi."

Lakini vitambaa vya kufungia vilikwisha, na Yeongsim alikuwa nje akigombana na watu wa lori. Geumnye akaingia stoo kutafuta vingine. Alivuta blanketi kuukuu, na chini yake akakuta mtungi mdogo. Alifunua kifuniko kwa mazoea tu, kama mtu anavyomgusa mtoto wa jirani kichwani. Harufu ilimsimamisha.

Akachovya kidole. Chumvi. Kisha ule utamu uliochelewa.

Alipandisha mkono wa sweta, akauingiza mpaka chini. Vidole vyake vilikuta mawe ya chumvi, mazito, yenye pembe, makubwa kama njugu, ambayo hayawezi kukua ndani ya maisha ya mtu mmoja. Yeongsim alimkuta hivyo, mkono mweusi hadi kiwiko.

"Nilikwambia stoo uniachie."

"Huu ulitoka kwetu lini?"

Yeongsim alikaa juu ya sanduku. "Siku niliyoolewa. Hatukuwa na kitu, wifi, unajua. Mama aliona aibu nitoke mikono mitupu. Akanipa huu, akaweka mwingine kama huu mahali pake, akaujaza mchuzi wa mwaka ule."

"Akanitemea mbele ya watu."

"Angesema nini? Watu wangeuliza umekwenda wapi."

"Na wewe ukaniambia nioshe mikono."

Yeongsim aliangalia sakafu. "Ilikuwa mzaha. Ukizoea mzaha huwezi tena kuuacha ghafla, wataanza kujiuliza. Uchukue basi, wifi. Huko ghorofani nitauweka wapi?"

Geumnye alijifuta mkono polepole. "Nani aliubeba siku ile? Mama hakuwa na mgongo wa kubeba mtungi."

"Kaka."

Alirudi nyumbani bila mtungi. Cheolgyu alikuwa akichambua soya mkekani, akitoa zilizotobolewa na wadudu.

"Baba Inho, ulibeba mtungi wa mbegu kwenda kwa dada yako?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Mama aliniagiza nisiseme."

"Mama amekufa tangu mwanetu Inho yuko shule."

"Ndiyo. Baadaye nikaona... umeshazoea."

Akaendelea kuchambua. Geumnye alimtazama mtu aliyelala naye ubavu kwa ubavu maisha yote, aliyekuwa akimsikia mkewe akiamka alfajiri kwenda kufuta mitungi, kisha akajigeuzia ukutani.

Mwezi ule ule ilifika siku ya kumkumbuka mama mkwe. Siku hizi ibada hufanywa jioni, si usiku wa manane kama zamani. Geumnye alipanga meza kama desturi ilivyotaka: samaki, matunda, tofu ya kukaanga, na supu ya nyama na figili, ambayo haikolezwi ila kwa mchuzi wa nyumba. Cheolgyu aliinama mbele ya picha, Yeongsim akamiminia marehemu pombe. Kisha wakaketi kula kile alichoandaliwa marehemu.

Yeongsim alionja supu, akaweka kijiko chini.

"Huu umenunua dukani."

"Wa chupa ya plastiki," Geumnye alisema. "Ulikuwa na punguzo."

"Leo, wifi? Mbele ya mama?"

"Mchuzi wa mama uko kwako. Ulipaswa kuja nao."

"Na ule wa nyuma ya nyumba?" Cheolgyu aliuliza, bila kuinua macho.

"Ule ni wangu, baba Inho. Mama si alisema ni wa mkono wa maji? Nisingeweza kumwekea mezani."

Akajimiminia supu yake kutoka sufuria nyingine, ndogo, iliyokuwa jikoni peke yake, aliyoikoleza kwa mchuzi wake, akaila mpaka ikaisha. Hakuna aliyemwomba kuonja.